Hela ya Mjerumani Juu ya Bati la Mama Mkubwa

Nilirudi Babati kutoka Mererani na kikohozi cha vumbi la mgodi, suruali yenye zipu magotini, na lenzi ndogo ya kukunja, ile ambayo madalali wa vito huiweka jichoni wanapotafuta kasoro ndani ya jiwe. Jiwe lenyewe sikuwa nalo. Lenzi niliachiwa na dalali mmoja aliyekata tamaa akarudi kwao kufuga kuku.

Manyara ndiyo kwanza ilikuwa imefanywa mkoa. Mji niliouacha ukiwa mahali pa abiria kunywa chai, niliukuta umevaa shati na tai. Kila wiki lori lilishusha makochi na majokofu ya watumishi waliohamishwa kutoka mikoa mingine, na vyumba havikutosha. Watu walihamia jikoni ili wapangishe sebule. Mama mkubwa wangu, mjane aliyekaa Nangara, naye alikuwa amempangisha afisa mpima ardhi chumba cha mbele. Mimi alinipa nafasi stoo, kati ya magunia ya mahindi na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alishauzwa zamani.

"Utalala hapa mpaka masika," aliniambia. "Mvua ikianza na huna kazi, unakwenda Dareda kwa wifi yangu kulima maharage. Mgongo wake umegoma."

Dareda si mbali na wala si pabaya. Lakini mimi tangu utoto sikuwahi kumaliza tuta moja bila kuinua kichwa kuangalia barabara inakokwenda. Kulima shamba moja msimu mzima, kwangu, kulikuwa sawa na kufungwa.

Mpangaji alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mnene kiasi, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Mtaa mzima ulimwita Bwana Ramani. Mama mkubwa alimwita "mpangaji wangu", kwa sauti ile ile aliyokuwa akisema "ng'ombe wangu" enzi za ng'ombe. Jioni moja alinikuta kibarazani nimeweka lenzi jichoni, nachunguza shilingi kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuchunguza.

"Unaona nini?" akauliza.

"Naona imechakaa."

Aliniangalia kama daktari aliyesikia dalili anayoifahamu. Kisha aliingia chumbani akatoka na albamu. Haikuwa ya picha. Kila ukurasa ulikuwa wa plastiki yenye vifuko, na ndani ya kila kifuko kulikuwa na sarafu. Usiku ule nilijifunza mengi kuliko nilivyojifunza kidato cha nne chote.

"Watu wanadhani sarafu ikizeeka ndiyo inakuwa na thamani," alisema. "Si kweli. Ziko sarafu zenye umri wa zaidi ya miaka elfu ambazo hata mwalimu anaweza kuzinunua, kwa sababu zilipigwa nyingi na zikafukuliwa nyingi. Angalia mambo matatu. Kwanza uchache wake. Pili hali yake. Tatu, awepo mtu anayekosa usingizi kwa ajili yake. Ukimkosa huyo wa tatu, hapo umeshika kifungo cha koti."

"Wewe unakosa usingizi kwa ajili ya ipi?"

Alifunua ukurasa ambao kifuko chake kimoja kilikuwa kitupu. Vilivyojaa vilikuwa na sarafu za hela kumi za Mjerumani, nyeupe, zenye tundu katikati na taji juu ya tundu. Neno hela tunalolitumia kila siku, akanieleza, lilianzia hapo. Mwaka mmoja alikuwa hana, wenye herufi ndogo J chini yake. Alikuwa ameutafuta katika kila kituo alichohamishiwa.

"Karibuni naanza kuzunguka mkoa mzima," akasema. "Mbulu, Hanang, Simanjiro, Kiteto. Nahitaji kijana wa kunishikia fito za kupimia. Nipatie hiyo, na fito ni zako."

Kuzunguka mkoa mzima kwa gari la serikali, nikiwa nimeshika fito, na kulipwa juu yake! Sikulala.

Asubuhi mama mkubwa, aliyekuwa amesikia yote kupitia ukuta, alimvizia mlangoni. "Mpangaji wangu, kumpa mtu kazi kwa hela ya Mjerumani, hiyo si rushwa?"

"Rushwa ni ya kitu unachokihitaji, mama," Bwana Ramani alijibu. "Hiki nakitamani tu."

Nikaanza kutafuta. Nilikwenda Nakwa, nikaenda Sigino, nikaingia kila nyumba yenye mzee na kutoa shikamoo mpaka ulimi ukachoka. Niligundua kwamba ukiuliza habari za sarafu za kale, hakuna anayesikia neno sarafu. Wanasikia rupia. Na rupia, kama kila mtu ajuavyo, ni ile inayovuta mchele. Sijui nani aliyeanzisha habari hiyo: eti ukiisogeza karibu na punje za mchele zinairukia kama sindano kwenye sumaku, na eti kuna tajiri anayeinunua kwa gari zima. Tajiri huyo siku zote anakaa Arusha, na siku zote amepanda ndege jana.

Mnadani mtu mmoja alinivuta nyuma ya kibanda cha mitumba. Alikuwa na sahani ya mchele na sarafu iliyofungwa kwenye kitambaa chekundu. Aliishusha kwenye mchele, akaiinua. Punje saba ziling'ang'ania.

"Umeona?" alininong'oneza.

"Nimeona. Na nzi nao inawavuta?"

Nzi wawili walikuwa wamekwisha tua. Niliigusa sarafu, nikaramba kidole. Asali, tena nzuri, ya nyuki wadogo.

"Hiyo ni sehemu ya nguvu zake," alisema bila kupepesa.

Wengine hawakuwa matapeli, walikuwa na matumaini tu. Niliambulia sumni, zile senti hamsini za sungura, kwa mikono miwili, medali ya mbio za magunia, na kizibo cha soda kilichokanyagwa na lori mpaka kikawa bapa. Mwenye kizibo alikuwa mzee wa kanisa na nilikaa naye nusu saa nikitafuta maneno ya heshima. Wakati huo mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya mlima, na mama mkubwa alikuwa amekwisha ninolea jembe.

Jumapili moja baada ya ibada, Bwana Ramani aliniomba nipande juu ya bati kugeuza antena ya televisheni yake, iliyokuwa ikionyesha kila mchezaji mara mbili. Nyumba ile ilijengwa na mume wa mama mkubwa mwenyewe, marehemu, kwa bati nene za zamani. Nilikuwa nimepiga magoti nikifungua waya nilipoona kwamba chini ya kila kichwa cha msumari kulikuwa na sarafu.

Anayejua kuezeka anajua kwamba msumari wa bati huvalishwa washa, kisahani kidogo chenye tundu, ili maji yasipenye. Huku juu hapakuwa na washa hata moja. Zilikuwa senti kumi za tundu, na ndururu, yaani senti tano, za tundu, za wakati wa Mwingereza, safu kwa safu, kuanzia ukingoni mpaka kwenye kofia ya paa.

"Mama mkubwa!" nilipiga kelele. "Bati limepigiliwa kwa hela!"

"Sasa ulitaka lipigiliwe kwa nini?" alijibu kutoka uani, mwiko mkononi. "Washa zilikuwa hazipatikani. Funga antena ushuke, utanitobolea."

Sikushuka. Nililala kifudifudi, nikatoa lenzi, nikaanza kutambaa kutoka msumari hadi msumari. Senti kumi. Senti kumi. Ndururu. Zote zilikuwa zimeiva rangi ya chai ya rangi. Karibu na kofia nikaona moja ndogo kidogo kuliko jirani zake, nyeupe-nyeupe. Niliisogelea. Taji.

Sikumbuki nilivyoshuka, nakumbuka tu kwamba ngazi ilibaki upande mwingine wa nyumba.

Bwana Ramani, kwa unene wake, hakuthubutu kupanda. Lakini mashine yake ya kupimia, ile yenye darubini juu ya miguu mitatu, alikuwa akiilaza chumbani kwa kuogopa wezi wa ofisini. Aliitoa, akaisimika katikati ya ua, akaielekeza kwenye bati na kuinama.

Katika mkoa mpya, hakuna kitu kilichotisha watu kama miguu mitatu. Ilipotokea mahali, mara nyingi alama nyekundu ya kubomolewa ilifuata. Kabla Bwana Ramani hajapata umbali mzuri wa kioo, majirani walikuwa wamejaa penye ua wa minyaa.

"Pole, mama," alisema jirani wa kulia. "Barabara inapita sebuleni au jikoni?"

"Barabara gani?"

"Si wanapima? Ulijua utakaa hapa milele?"

"Usilie, mama," alidakia kijana wa baiskeli za abiria. "Fidia yake utahesabu buku mpaka vidole viume. Poa tu."

"Naona taji," Bwana Ramani alisema, jicho kwenye darubini. "Naona mwaka. Ndio wenyewe. Na herufi... Mungu wangu. Ni J."

"Amesema J," majirani wakapeana habari.

"J ni nini?"

"Ni jengo. Jengo linaondoka."

Jirani wa kulia alianza kulia kwa niaba ya mama mkubwa, ambaye hata hivyo hakuwa na nafasi ya kulia. Alikuwa amesimama mbele ya darubini, mwiko kiunoni.

"Mpangaji wangu, unatafuta nini kwenye bati langu?"

Akamweleza. Alieleza kwa adabu, akataja uchache, akataja hali, akataja usingizi wake. Akasema atanunua hata paketi nzima ya misumari mipya yenye washa za mpira.

"Haitoki," mama mkubwa alisema. "Hiyo si hela. Hiyo ni harusi yangu."

Ndipo nikasikia habari ambayo hata mama yangu hakuwahi kunisimulia. Siku ya harusi yake, wanawake walicheza wakimtunza, kila mmoja akidondosha senti kwenye sinia iliyokuwa miguuni pake. Hakuitumia hata senti moja. Alizifunga kwenye kitambaa akazificha. Mwaka uliofuata mumewe alipokwama kuezeka kwa kukosa washa, akamfungulia kitambaa. Mume akapigilia, yeye akiwa chini akimpa sarafu moja moja na kumtajia ni ya nani.

"Unazikumbuka?" nikauliza.

Alinitazama kama nimemuuliza kama anakumbuka watoto wake. Akainua mwiko.

"Ile ya pembeni ni ya mama mkwe wangu, hapo ndipo uone moyo wa mtu: alitoa tatu, zote ziko pamoja. Safu ya pili ni wanakwaya. Ile yenye kutu ni ya jirani yetu, alitoa ndururu moja na akala sahani mbili. Upande ule unaovuja ni wa ukoo wa baba yenu mkubwa, sisemi zaidi."

Majirani, walipotambua kwamba hakuna kinachobomolewa, walibaki wakisikiliza. Wawili kati yao walikuwa na senti zao juu ya paa lile.

"Na hii nyeupe karibu na kofia?" Bwana Ramani aliuliza kwa upole.

Uso wa mama mkubwa ulilainika. "Hiyo ni ya wifi yangu wa Dareda. Alicheza kuliko wote siku ile. Alicheza mpaka vumbi likapanda, akanibandika hela hapa," akagusa paji la uso, "watu wakapiga vigelegele. Ndiyo maana nikamwambia mume wangu aiweke juu kabisa."

"Harusi ilikuwa lini, mama?"

"Mwaka mmoja kabla ya Uhuru."

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo. Lakini Bwana Ramani alikuwa mtu wa vipimo. "Basi wakati huo," akasema, "hela hiyo ilikuwa imekataliwa madukani kwa zaidi ya miaka thelathini."

Mama mkubwa alimsogelea hatua moja.

"Unasema?"

"Nasema tu kwamba ilikuwa haiwezi kununua kitu."

Mama mkubwa alishusha mwiko taratibu. "Alinitunza hela ya Mjerumani," alisema. "Mjerumani aliyeondoka kabla mama yangu hajajua kubeba kibuyu! Mbele za watu! Kwenye paji la uso!" Akanigeukia. "Panda. Ing'oe."

Niliing'oa kwa uangalifu wa mganga wa meno, nikaziba tundu kwa msumari mpya na kizibo cha soda. Bwana Ramani aliomba aishike kidogo tu. Mama mkubwa aliifunga kwenye pindo la kitenge chake. "Hii ni ushahidi," alisema.

Kesho yake tulikuwa Dareda kabla umande haujakauka. Wifi yake alikuwa bibi mwembamba, aliyeinama kidogo kwa sababu ya mgongo, akichambua maharage uani.

"Jamani wifi yangu! Karibu, karibu, habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Nimekurudishia hela yako."

Aliiweka juu ya ungo wa maharage. Bibi aliitazama, akaisogeza kwa kidole, akaitambua. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mgongo, akaketi chini, akaendelea kucheka.

"Wifi! Ndiyo umeigundua leo? Mimi nilijua utaigundua wiki ile ile, ukienda nayo dukani! Nilikaa mwezi mzima nikijificha kila nikiona kitenge chako!"

"Sikwenda dukani! Niliitunza! Niliiweka juu ya kichwa changu miaka yote hii!"

"Sasa hilo ni kosa la nani?"

"Wewe mwizi, wifi. Tangu siku ya kwanza nilisema, huyu dada mtu ana macho ya kenge."

"Na mimi nilisema, kaka anaoa mwanamke asiyejua kutumia hela." Kisha bibi akaacha kucheka. "Sikuwa na kitu, wifi. Kaka yangu mkubwa anaoa, wenzangu wote wana senti mkononi, mimi nicheze mikono mitupu? Nikachukua kwenye kibuyu cha babu. Hela ilikuwa ya uongo, sikatai. Lakini kucheza kulikuwa kwangu mwenyewe."

Mama mkubwa alitazama pembeni. Nadhani ugomvi ungeishia pale, kama mimi nisingefungua mdomo.

"Lakini shangazi," nikasema, "siku hizi hiyo moja ina thamani kuliko senti zote za kwenye bati."

Wote wawili walinigeukia.

"Kuliko zote?" bibi akauliza.

"Kuliko zote."

"Basi turudi kwenye maneno," alisema, akaifunika sarafu kwa kiganja. "Wifi, umesema mwenyewe hii si hela, nimekudanganya. Kama nimekudanganya, sikukupa kitu. Kama sikukupa kitu, hii bado ni ya babu yangu."

"Zawadi hairudi! Ulinipa mbele ya kanisa zima!"

"Si ulisema ni ushahidi wa wizi?"

"Ni harusi yangu!"

Walibadilishana viti hivyo mpaka jua likapanda: aliyesema sarafu ni ya uongo sasa alisema ni halali, na aliyejisifu kwa kutunza sasa aliapa kwamba hakutunza. Mwishowe bibi akasimama, akaingia bandani, akatoka na tetea mwekundu. Akaanza kucheza. Alicheza taratibu kwa sababu ya mgongo, akizunguka ungo, kuku kichwani pake akitoa macho, na akaimba wimbo ule ule wa harusi. Alipofika mbele ya mama mkubwa akamwekea kuku mapajani.

"Huyu anapokelewa madukani," akasema.

Mama mkubwa alipiga kigelegele kimoja, kifupi, kama mtu anayetia sahihi. Kisha akachukua sarafu akanipa. "Nimeshatunzwa. Hii mpelekee mpangaji upate fito zako."

Niliona Simanjiro mbele yangu. Nilikula ugali kwa furaha iliyoniziba masikio, ndiyo maana sikusikia bibi alipoiomba ile sarafu kidogo, na sikujiuliza nilipoitoa mfukoni na kumpa. Nilipoinua macho kutoka kwenye bakuli, wifi wawili walikuwa wamechuchumaa jikoni kwa amani kamili. Mmoja alishika gunzi la mahindi. Mwingine alishika majivu.

"Mnafanya nini?" nikauliza, tonge shavuni.

"Utampelekea afisa kitu kichafu namna ile?" bibi alisema, akisugua kwa nguvu zote ambazo mgongo ulimnyima shambani. "Aseme watu wa Dareda hawana maji?"

"Tia na ndimu, wifi," mama mkubwa alishauri. "Hapo kwenye taji pana weusi."

Nisingeweza kuwalaumu. Nimelelewa na wanawake wa namna hiyo. Kwao sufuria isiyometa ni aibu ya ukoo, na kitu unachompa mgeni hukisugua kwanza, hata kama ni jiwe la kusugulia miguu.

Bwana Ramani aliipokea kwa kibano. Ilimeta kama kijiko cha mgeni. Aliweka lenzi yangu jichoni, akakaa nayo muda mrefu, kisha akaishusha mezani polepole sana.

"Nani ameiosha?"

"Walitaka ikufikie safi."

"Sarafu ni kama mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa na kamasi. "Makunyanzi ndiyo cheti chake. Ukiyanyoosha, huna mzee tena. Hii ina mikwaruzo elfu. Siwezi kuiweka kwenye albamu." Alifikiri, akaongeza, "Na siwezi kukudanganya kwamba naweza. Kazi ya kupima ni kusema kilichopo."

Wiki iliyofuata gari liliondoka na kijana mwingine wa mtaa wa pili. Nililiona likipita nikiwa juu ya paa, nikiirudisha ile sarafu mahali pake, mama mkubwa akisimamia kutoka chini: "Upande wa taji uwe juu. Wifi akija nataka aione." Siku tatu baadaye mvua ya kwanza ya masika ilishuka. Bati halikuvuja karibu na kofia. Lilivuja upande wa ukoo wa baba mkubwa.

Nikaenda Dareda na jembe langu lililonolewa.

Bibi alikuwa mwajiri mchangamfu. Alikaa chini ya kivuli cha mgomba, akinihesabia matuta na kunisimulia ubaya wa wifi yake. Siku moja aliniuliza kwa nini nikiona gari barabarani naacha kupalilia. Nikamweleza yote: fito, Kiteto, makunyanzi, majivu. Nilipofika kwenye gunzi la mahindi nadhani nilitokwa na machozi.

"Kumbe," alisema. "Kumbe hazisuguliwi." Akafungua fundo la kitenge chake. "Basi ni vizuri hii sikuisugua."

Ilikuwa nyeupe-nyeupe, yenye uweusi mtulivu kuzunguka taji. Nilitoa lenzi, nikaiweka jichoni. Mwaka ule ule. J.

"Kwenye kibuyu zilikuwa mbili," alieleza. "Moja nilimtunza wifi. Ya pili nikaiweka nimtunze mke wa kaka mdogo. Huyo hakuoa, akaenda upadri."

"Shangazi, naomba. Nitafanya chochote."

Aliirudisha kwenye fundo, akalikaza kwa meno. "Wewe si ulisema thamani ya hizi ni mtu anayekosa usingizi? Naona ameshapatikana, tena ana mikono miwili. Tutaongea baada ya kupura maharage."

Nililima msimu mzima. Niliamka kabla ya jogoo. Nilipalilia mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu ambayo hakuna mtu Dareda aliyewahi kuifanya, na kila nilipoinua kichwa kuangalia barabara, bibi aligusa fundo lake tu, nami nikainama tena. Majirani walianza kuniletea mabinti zao kwa macho. Siku ya mwisho ya kupura, alilifungua fundo akanipa sarafu, na nilikuwa Babati kabla hajamaliza kupepeta.

Bwana Ramani alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Kiteto, peke yake. Yule kijana wake alikuwa amekimbizwa na nyuki, akaacha fito porini na akaacha kazi. Bwana Ramani aliiweka sarafu chini ya lenzi. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Haijaoshwa," akasema.

"Haijaoshwa."

"Wala haijapigiliwa."

"Wala."

Aliiingiza kwenye kifuko kile kitupu, akapitisha kidole juu ya plastiki. "Kesho tunakwenda Mbulu. Saa kumi na mbili uwe kwenye gari."

Ningeondoka salama kama nisingekuwa na furaha. Asubuhi, nikifunga mzigo, mama mkubwa aliniletea chai na kuniuliza, kwa wema tu, hiyo ya pili niliipata wapi. Nami, kwa wema tu, nikamwambia: zilikuwa mbili tangu zamani.

Aliweka kikombe chini. "Alikuwa nazo mbili?"

"Mama mkubwa, ile ya pili alikuwa ameiweka kwa..."

"Alikuwa nazo mbili, akanitunza moja!"

Gari lilipiga honi nje. Nilipotoka na mzigo wangu, nilimkuta amekwisha kaa kiti cha mbele, kitenge kipya kiunoni, kilemba kimekazwa, pochi mapajani. Bwana Ramani alisimama kando ya mlango akiwa na karatasi ya ruhusa ya safari mkononi, akijaribu kumweleza kwamba gari la serikali halibebi abiria.

"Mimi si abiria. Mimi ni mwenye nyumba unayolala," mama mkubwa alisema. "Barabara ya Mbulu inapita Dareda. Nishusheni hapo, mwendelee na mipaka yenu."

Afisa aliyepewa mkoa mzima kuupima alikunja karatasi yake, akaingia, akawasha gari. Nilipanda nyuma na kukumbatia fito zangu, nyekundu na nyeupe, na hivyo ndivyo nilivyoianza safari niliyoilimia msimu mzima: vumbi usoni, na kutoka kiti cha mbele, neno kwa neno, mazoezi ya hotuba ambayo wifi mtu angeisikia kabla chai yake haijachemka.